Soya: Jinsi Brazili ilivyoipita Marekani kwenye soko la dunia

Zamani ukizungumzia biashara ya soya duniani, ulikuwa unazungumzia Marekani. Leo mambo yamegeuka. Katika kila tani kumi za soya zinazouzwa nje ya nchi, zaidi ya tano zinatoka Brazili.

Soya ndiyo mbegu ya mafuta inayouzwa kwa wingi kuliko zote duniani. Ikikamuliwa hutoa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha kuku, nguruwe na ng'ombe.

Takwimu zinasemaje?

Haya ni makadirio ya soya iliyouzwa nje kwa mwaka:

• 2000: Marekani tani milioni 27, Brazili milioni 11.5
• 2010: Marekani milioni 42, Brazili milioni 29
• 2018: Marekani milioni 46, Brazili milioni 83
• 2023: Marekani chini ya milioni 50, Brazili zaidi ya milioni 100

Ukiangalia vizuri, Marekani haikupunguza mauzo, tena imeyaongeza karibu maradufu. Kilichoshuka ni sehemu yake sokoni: kutoka karibu nusu ya soya yote hadi chini ya theluthi. Soko lilikua, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikachukuliwa na Brazili.

Yalianzia 1973

Mwaka 1972 hali ya El Niño iliharibu uvuvi wa Peru wa samaki wadogo jamii ya dagaa, waliokuwa wakisagwa kuwa chakula cha mifugo. Wafugaji wakakimbilia soya na bei ikapaa.

Juni 1973, serikali ya Rais Richard Nixon ikazuia soya isiuzwe nje ili kushusha bei ya vyakula nyumbani. Zuio halikudumu, miezi michache tu likaondolewa lote. Lakini Japani, ambako soya ni chakula cha kila siku na karibu yote ilikuwa ikitoka Marekani, ilishtuka. Ikaanza kutafuta muuzaji mwingine, na kuanzia 1979 ikashirikiana na Brazili kufungua mashamba mapya katika nyanda za Cerrado.

Udongo wa Cerrado una tindikali nyingi, na zamani wengi waliona haufai kwa kilimo. Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo lililoanzishwa mwaka huohuo wa 1973, lilisaidia kubadili hali hiyo: wakulima wakamwaga chokaa shambani na kupata mbegu za soya zinazozaa vizuri kwenye maeneo ya joto. Gharama yake haikuwa ndogo, maana mamilioni ya hekta za uoto wa asili zimefyekwa.

China yaingia sokoni

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Mwaka huo iliagiza soya tani milioni 14 hivi. Kufikia 2017 ilikuwa inaagiza zaidi ya tani milioni 95.

Julai 2018, katika mvutano wa kibiashara, China iliongeza ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani. Mwaka 2017 ilikuwa imenunua huko karibu tani milioni 33. Mwaka 2018 ikanunua milioni 17 hivi, na kutoka Brazili ikachukua milioni 66. Marekani ikalazimika kutenga mabilioni ya dola kuwafidia wakulima wake.

Kabla hujalinganisha

Kwanza, usilinganishe mwezi kwa mwezi. Brazili huvuna zaidi kati ya Januari na Aprili, Marekani kati ya Septemba na Novemba. Kila mmoja ana miezi yake ya kung'ara, kwa hiyo angalia mwaka mzima.

Pili, tazama kama hesabu ni ya punje au ya bidhaa. Argentina huonekana ndogo kwenye punje, kumbe kwa mashudu na mafuta ya soya ni miongoni mwa vinara wa dunia.

Tatu, tani na asilimia ni vitu viwili tofauti. Nchi inaweza kuuza zaidi kila mwaka na bado ikapitwa.

Tanzania inajifunza nini?

Mwaka 2020 China ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania. Ni nafasi nzuri, ila wakulima wa mbaazi wanajua hatari ya kutegemea mnunuzi mmoja. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka na wengi wakabaki na magunia ndani.

Hata Brazili haijaepuka hatari hiyo. Zaidi ya nusu ya soya inayoiuza nje inakwenda nchi moja tu: China.