Kengele za Balangiga: Makumbusho ya Samar ya Mashariki

Katika visiwa vya Ufilipino, upande wa macheo uelekeao bahari kuu ya Pasifiki, kipo kisiwa kikubwa kiitwacho Samar. Mwaka 1965 kisiwa hicho kiligawanywa kuwa majimbo matatu, na jimbo la upande wa macheo likapewa jina la Samar ya Mashariki. Jimbo hilo halisifiwi kwa majumba ya wafalme wala kwa miji ya fahari. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi, na kila mwaka tufani za bahari huwajia kama mdai asiyesahau deni lake. Hata hivyo, mahali pachache duniani pamekusanya katika pwani moja mambo mengi ya kale kama yaliyokusanywa hapo.

Kusini ya jimbo, katikati ya maji, kimo kisiwa kidogo cha Homonhon. Mwezi wa Machi, 1521, Ferdinand Magellan alitua hapo na mabaharia wake, wengi wao wagonjwa na wenye njaa baada ya kuvuka Pasifiki. Watu wa kisiwa jirani cha Suluan wakawajia kwa amani, wakawapa samaki, ndizi na nazi. Antonio Pigafetta, aliyeandika habari za safari hiyo, aliusifu ukarimu huo. Jina la Magellan si geni kabisa kwa historia ya Afrika ya Mashariki, kwani mwaka 1505 alisafiri katika merikebu za Francisco de Almeida, zile zilizoishambulia Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Homonhon wageni walikaribishwa kwa nazi. Lakini haukupita mwezi mmoja na nusu Magellan akauawa vitani Mactan, tarehe 27 Aprili.

Mkabala wa Homonhon upo mji wa Guiuan na kanisa lake la kale. Wajesuiti ndio waliotangulia kueneza dini yao hapo, mpaka mfalme wa Hispania alipowafukuza mwaka 1768, na mapadre wa vyama vingine wakashika mahali pao. Kanisa lilizungushiwa ukuta wa mawe mfano wa ngome, kwa sababu wavamizi wa baharini walikuwa wakizishambulia pwani hizo mara kwa mara. Ndani yake mafundi walilipamba kwa makombe ya baharini, yakapangwa ukutani kama nakshi. Tarehe 8 Novemba, 2013, tufani iliyoitwa Haiyan ilipiga nchi kavu kwanza hapo Guiuan. Paa la kanisa likang'oka na sehemu kubwa ya jengo ikavunjika. Ilihitajiwa miaka kadhaa ya kazi ya subira kulirudishia sura yake.

Karibu na Guiuan kipo kisiwa cha Tubabao. Mwaka 1949 Warusi wapatao elfu tano na zaidi, waliokimbia kutoka China, walipokewa hapo na serikali ya Ufilipino wakati nchi nyingi zilipokuwa zikisita kuwafungulia milango. Waliishi katika mahema mpaka walipopata makao Australia, Marekani na kwingineko. Nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka katika maangamizi ya vita vikuu haikuona haya kugawana umaskini wake na wageni.

Lakini katika makumbusho yote ya jimbo, hakuna lililozua hoja ndefu kuliko kengele tatu za mji mdogo wa Balangiga. Mwezi wa Agosti, 1901, kikosi kimoja cha askari wa Marekani, watu 74 chini ya Kapteni Thomas Connell, kiliwekwa hapo wakati Marekani ilipokuwa ikipigana na Wafilipino waliotaka uhuru wao. Wanaume wengi wa mji walikamatwa wafanye kazi ya kusafisha mji, na usiku wakafungwa katika mahema yaliyowabana. Uchungu ukakua kimya kimya. Asubuhi ya tarehe 28 Septemba, askari walipokuwa wakila chakula, kengele ya kanisa ikalia, na wenyeji, wakiongozwa na mkuu wa polisi wa mji, Valeriano Abanador, wakawashambulia kwa mapanga. Askari 48 walikufa. Hesabu ya wenyeji waliokufa siku ile haipatani katika vitabu.

Kisasi kilichofuata kilikuwa kizito kupita kiasi. Jenerali Jacob Smith aliamuru Samar igeuzwe nyika tupu, na kila mtu awezaye kushika silaha auawe. Alipoulizwa mpaka wa umri, alijibu kuwa ni miaka kumi. Vijiji vilichomwa na vyakula vikaharibiwa. Kuhusu idadi ya waliokufa, wako wanahistoria wataja watu elfu mbili na zaidi, na wako wataja makumi ya maelfu. Mwaka 1902 Smith alishtakiwa mbele ya baraza la kijeshi. Adhabu yake ilikuwa kuonywa, kisha akastaafishwa. Kengele zikachukuliwa kuwa nyara: mbili zikafikishwa katika kambi ya askari huko Wyoming, na ya tatu ikabaki na kikosi chake, hata mwisho ikakaa Korea ya Kusini.

Kwa miaka mingi watu wa Balangiga waliomba kurudishiwa mali yao. Baadhi ya askari wastaafu wa Marekani walikataa, wakisema kuwa kengele hizo ni ukumbusho wa wenzao waliouawa, na sheria ya nchi yao ikazuia kwa muda ukumbusho wa namna hiyo kupelekwa ng'ambo. Hoja yao haikuwa ya kubezwa, maana marehemu wa kila upande wana haki ya kukumbukwa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kengele ya kanisa haikusubiwa iwe alama ya ushindi wa vita. Ilisubiwa iite watu kwenye sala, itangaze ndoa na mazishi. Kuiweka kambini ni kuinyang'anya kazi yake, na kuwanyang'anya watu sauti yao.

Baada ya sheria kulegezwa, kengele zote tatu zilifika Manila tarehe 11 Desemba, 2018, na siku nne baadaye zikakabidhiwa Balangiga, yapata miaka 117 tangu kutwaliwa. Kesho yake kabla ya mapambazuko zikalia kuwaita waumini kwenye misa ya kwanza ya siku tisa zitanguliazo Krismasi. Hapakuwa mtu hai mjini aliyepata kuzisikia kabla hazijatwaliwa.

Katika uwanja wa mji huo zipo sanamu zionyeshazo asubuhi ile ya mwaka 1901, askari wakiwa mezani na wenyeji wakiwa na mapanga mikononi. Balangiga haikuificha sehemu yake ya damu. Basi kengele zimerudi mahali ambapo habari yake yote inasimuliwa, ya waliozipiga na ya waliouawa ziliposikika. Na hapo ndipo zinapostahili kukaa.