Mkia wa Jina

Tarehe 4 Mei, 2000 watu wengi ulimwenguni walifungua kompyuta zao wakakuta barua kutoka kwa mtu wanayemjua. Iliambatana na faili lililosomeka LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, yaani barua ya mapenzi kwa ajili yako. Nani asiyetaka kuisoma? Wakalibonyeza. Kumbe jina lile halikuwa kamili. Mwisho wake palikuwa na nukta na herufi tatu zaidi, vbs, na hizo kompyuta ilizificha.

Ili kuifahamu hadaa hii, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 Mmarekani Gary Kildall alitunga mfumo wa CP/M. Humo kila faili lilipewa nafasi nane za jina, na tatu za kueleza aina yake. Hata ile nukta ya katikati haikuandikwa kwenye diski. Ilikuwa alama ya kumsaidia msomaji tu. MS-DOS ya mwaka 1981 ikaurithi mpango huo, kisha Windows ikaurithi kwake. Kwa hiyo programu inayotuonyesha mafaili haisomi yaliyomo. Hutazama mkia wa jina, ikarejea kwenye orodha yake: txt ni maandishi, jpg ni picha, vbs ni amri za kutekelezwa. Ukibadili mkia, faili ni lile lile, lakini litakabidhiwa programu nyingine.

Wala si kwamba njia nyingine haikujulikana. Tangu mwaka 1973 Unix ilikuwa na amri iitwayo file, ambayo huchungulia ndani ya faili lenyewe. Faili la zip, kwa mfano, kwa kawaida huanza na PK, herufi za jina la Phil Katz aliyelibuni, nawe liite upendavyo. Lakini kusoma jina ni rahisi kuliko kufungua kila faili, na urahisi ukashinda.

Kisha Windows 95 ikaificha mikia inayoijua, ili majina yapendeze machoni. Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko hapo: mashine iliendelea kuhukumu kwa mkia, huku mwenye mashine amenyimwa kuuona.

Basi waliobonyeza walidhani wanasoma, kumbe wametoa amri. Kirusi kile kikajituma kwa kila aliyeandikwa katika daftari lao la anwani. Ndiyo maana barua zilitoka kwa jamaa na marafiki. Kisha nacho kikayatafuta mafaili kwa mikia yao! Kila penye picha ya jpg kikajiweka chenyewe, kikaongeza vbs. Machoni likabaki jina kamili la picha ya harusi, na picha yenyewe haipo tena. Bunge la Uingereza lililazimika kuufunga mtambo wake wa barua pepe. Kirusi kilitoka Manila, na Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshitaki mtu kwa kitendo hicho. Ilipitishwa Juni mwaka huo huo, maji yamekwisha kumwagika.

Na hadi leo, ukinunua kompyuta mpya ya Windows, utaikuta mikia hiyo imefichwa. Ukitaka kuiona, itakubidi uingie kwenye mipangilio uifunue mwenyewe.