Uuguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Tanzania

Uuguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Tanzania ni kazi ya kumsaidia mgonjwa tangu anapoanzishiwa dawa hadi anapomaliza dozi. Kwa kifua kikuu cha kawaida dozi huchukua miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa hutumia rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayofuata hubaki na mbili za kwanza. Dawa hizo hutolewa bila malipo.

Kipindi kigumu si kile ambacho mgonjwa yuko hoi. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, homa hukoma na mtu hurudi shambani. Hapo ndipo hushawishika kuacha dawa, ilhali vimelea vingine bado vi hai mwilini. Anayekatisha dozi anaweza kuugua upya, kuambukiza wengine na kupata kifua kikuu sugu, ambacho tiba yake ni nzito zaidi.

Historia

Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia, alishirikiana nao kuandaa matibabu ya muda mfupi yanayosimamiwa, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitumia uzoefu huo kuunda mkakati wa DOTS. Mgonjwa alitakiwa kumeza dawa mbele ya mhudumu. Kwa mtu anayeishi mbali na zahanati, safari hiyo ya kila siku ilikuwa mzigo kuliko vidonge vyenyewe. Baadaye mgonjwa aliruhusiwa kuchagua: kumezea kituoni, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe, kama vile mwenzi, ndugu au jirani. Wengi huchagua nyumbani.

Kazi ya muuguzi

Uchaguzi huo haukumwondolea muuguzi kazi. Humfundisha msimamizi kujaza kadi ya matibabu, humpima mgonjwa uzito (kiasi cha dawa hutegemea kilo) na kufuatilia vipimo vya makohozi. Humweleza mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu na kuacha dawa. Ganzi ya miguu kwa kawaida hutibiwa kwa vitamini B6, lakini macho yakiwa ya njano au kuona kukififia, mgonjwa hurudishwa kituoni mara moja. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hushauriwa njia nyingine, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu yake.

Watu wanaoishi na mgonjwa huchunguzwa pia. Watoto wenye umri chini ya miaka 5 wasioonyesha dalili za ugonjwa hupewa dawa za kinga.

Mkoa wa Njombe

Katika utafiti wa kitaifa wa 2016–2017, Njombe ulikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 11.4. Kwa hiyo upimaji wa VVU ni sehemu ya matibabu ya kifua kikuu, na anayekutwa na virusi huongezewa ARV. Jambo hilo lina upande wake mchungu: jamii huchukulia kila mwenye kifua kikuu kuwa ana UKIMWI, na wagonjwa wengine huficha vidonge hata kwa watu wa nyumbani. Mtu wa namna hiyo hana wa kumteua kuwa msimamizi. Muuguzi hulazimika kumtafutia, au kumpokea mwenyewe kituoni.

Baridi ya nyanda za juu nayo huwafanya watu kulala madirisha yakiwa yamefungwa, kinyume cha ushauri wa kuingiza hewa chumbani.

Tatizo jingine ni kuhama. Makambako ni njia panda ya barabara za Mbeya, Iringa na Songea, tena ina stesheni ya TAZARA. Vibarua wa chai na mbao huja na kuondoka. Mgonjwa anayehama hupewa fomu ya uhamisho, na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya huulizia kama amefika. Katika Wilaya ya Wanging'ombe, ambayo makao makuu yake ni Igwachanya, asiyefika kuchukua dawa hutafutwa kijijini kwa msaada wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii.