Soksi ya kebo

Soksi ya kebo ni mfuko mrefu wa wavu unaovishwa ncha ya kebo ya umeme au ya mawasiliano ili kebo iweze kuvutwa ndani ya bomba au mtaro bila kukatwa wala kuchubuliwa. Husukwa kwa nyaya za chuma kilichopakwa zinki, kwa chuma cha pua, au kwa nyuzi imara za kisintetiki. Upande mmja una jicho la kufungia kamba ya kuvutia. Upande wa pili, yaani mkia, uko wazi.

Namna inavyoshika

Nyaya za soksi hupishana kwa mshazari kama chane za ukindu kwenye ukili. Msuko wa namna hiyo ukivutwa kwa urefu hurefuka na kupungua upana. Kwa hiyo kadiri kamba inavyovuta, ndivyo soksi inavyozidi kuibana kebo, na nguvu hugawanyika juu ya sehemu ndefu ya ganda la nje. Kamba iliyofungwa kwa fundo hubana mahali pamoja tu. Soksi ikisukumwa kutoka mkiani kuelekea kwenye jicho, wavu hupanuka na kuachia.

Nchini Marekani kifaa hiki kilienezwa na Vivien Kellems, aliyeanzisha kiwanda mwaka 1927 kutengeneza soksi zilizobuniwa na kaka yake. Jina la ukoo huo bado hutumiwa na mafundi wengi kuitaja soksi yenyewe.

Kebo na kisiwa: Fumba

Fumba, katika Wilaya ya Magharibi B, ndipo kebo za umeme kutoka Tanzania bara zinapoingia Unguja. Kebo ya kwanza, ya kilovolti 132, ilitandikwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, na ilianza kazi mwaka 1980 ikiwa na uwezo wa takriban megawati 45. Mwezi Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa takriban wiki 4. Desemba 2009 umeme ulikatika tena na haukurudi hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na hoteli na maduka yakategemea jenereta. Kebo ya pili, ya megawati 100, iliyogharamiwa na Marekani, ilizinduliwa mwaka 2013.

Mikasa hiyo haihusishwi hapa na uvutaji wa kebo. Inaonyesha tu thamani ya kebo moja kwa watu wa kisiwani. Kebo kubwa kama hizo kwa kawaida huvutwa kwa kichwa cha chuma kinachofungwa moja kwa moja kwenye kipitishi. Soksi hutumika zaidi kwa kebo ndogo za nchi kavu, zile za kufikisha umeme kwenye nyumba, viwanda na pampu. Ubaya wa kebo iliyoumizwa wakati wa kuvutwa ni kwamba huweza kufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha maji yakaingia polepole kwenye jeraha na hitilafu ikatokea baada ya muda mrefu.

Kuchagua

Kwanza hupimwa kipenyo cha nje cha kebo. Kila soksi hutengenezwa kwa kipenyo cha kiasi fulani, kwa mfano milimita 25 hadi 38. Iliyo kubwa mno huteleza. Iliyo ndogo mno haiingii vizuri, na kuilazimisha huvunja nyaya zake. Kebo kadhaa zikivutwa pamoja, hupimwa mzingo wa fungu zima.

Pili ni nguvu. Kwa desturi ya kazi hii, mzigo wa kufanyia kazi hauzidi sehemu ya 5 ya nguvu inayoweza kuikata soksi. Lakini soksi imara haiifanyi kebo kuwa imara. Kwa kebo yenye ganda la plastiki isiyo na deraya, kanuni inayotumika sana ni nyutoni 50 kwa kila milimita ya mraba ya shaba, au 30 kwa alumini. Kebo ya shaba yenye nyaya 4 za milimita za mraba 95 ina jumla ya 380, hivyo kikomo ni nyutoni 19,000. Kiwango cha mtengenezaji kikiwa kidogo zaidi, ndicho kinachofuatwa.

Kona ndizo zinazosahauliwa mara nyingi. Msuguano ukiwa wa 0.35, kona moja ya nyuzi 90 huzidisha nguvu ya kuvuta kwa takriban mara 1.7, kona mbili, mara 3. Ndiyo maana hutumiwa rola na mafuta maalumu ya kebo. Grisi ya magari haifai, kwani huweza kuharibu baadhi ya maganda.

Kutumia

Ncha ya kebo huzibwa kwanza ili maji yasiingie. Soksi hubanwa kwa urefu ili ipanuke, huvishwa mpaka kebo ifike mwisho wake, kisha hunyooshwa kwa mikono kutoka jichoni hadi mkiani. Mkia hufungwa kwa waya au ukanda. Hatua hii hurukwa na wenye haraka, na soksi huchomoka kamba inapolegea. Kati ya jicho na kamba huwekwa kiungo kinachozunguka, ili kebo isijisokote.

Winchi huanza polepole, bila kushtua. Hakuna anayesimama kwenye mstari wa kamba wala ndani ya pembe ya kona, kwa sababu kamba ikikatika hurudi kwa nguvu ya kuua. Glavu ni lazima, maana uzi mmoja uliovunjika hukata kiganja. Soksi yenye nyuzi zilizokatika, kutu au jicho lililopinda hutupwa. Soksi ya kuvutia haitumiwi kuning'iniza kebo kwa kudumu. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Karibu na bahari, chumvi hula zinki haraka. Baada ya kazi soksi huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa na kupakwa mafuta mepesi. Kipande cha kebo kilichokuwa ndani ya soksi hukatwa kabla ya kuunganisha, kwa kuwa ganda lake limekwisha kunyooshwa.