Gatuna Ilipofungwa

Kutoka Kabale hadi Kigali ni takriban kilomita 100. Barabara inateremka kutoka miinuko ya Kigezi, inafuata bonde lenye mafunjo hadi mpakani, panapoitwa Katuna upande wa Uganda na Gatuna upande wa Rwanda, kisha inapita kwenye mashamba ya chai ya Mulindi na kupanda milima ya Gicumbi kuelekea mji mkuu. Ndiyo njia iliyozoeleka kwa mizigo ya Rwanda inayoshushwa Mombasa. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda iliifunga.

Serikali ilieleza kwamba kituo cha pamoja cha huduma za mpakani kilikuwa kinajengwa na malori yalikuwa yakizuia kazi. Lakini katika siku hizohizo Kigali iliwaonya raia wake wasiende Uganda, ikidai kwamba Wanyarwanda walikuwa wakikamatwa na kuteswa huko. Kampala ilikana, nayo ikalalamikia ujasusi wa Rwanda katika ardhi yake. Njia ilibaki imefungwa kwa karibu miaka mitatu, ukiacha siku chache za Juni 2019 ambapo malori makubwa yaliruhusiwa kupita kwa majaribio.

Dereva wa lori hakukosa pa kupita. Akifika Ntungamo, badala ya kuendelea na Kabale, alikata kushoto na kwenda kilomita 37 za lami hadi Mirama Hills, akavuka Kagitumba na kushuka hadi Kayonza, ndipo ageukie Kigali. Safari hiyo iliongezeka kwa kilomita zipatazo 50 tu, na kwa semitrela yenye shehena, uwanda wa Mutara ni afadhali kuliko kona za Kigezi. Aliyekuwa na shughuli Musanze au Rubavu aliweza kupita Kisoro: kutoka Kabale unapanda Kanaba, unateremkia Bufumbira, halafu unavuka Cyanika chini ya mlima Muhabura, wenye kimo cha mita 4,127. Hiyo ni barabara ya milima mitupu, na lori zito huipanda polepole sana.

Njia ya tatu iliiacha Uganda kabisa. Ni ile ya Dar es Salaam, inayopita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, karibu kilomita 1,500 mpaka Kigali. Hii ndiyo yenye historia ndefu zaidi ya kuiokoa Rwanda, na inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa upande huo wa mto Kagera mwaka 1894. Wajerumani waliitawala Rwanda kama sehemu ya Afrika Mashariki yao, na kwao bahari ilikuwa mashariki, si kaskazini. Njia ya kaskazini ilipata nguvu baadaye, reli na barabara za Waingereza zilipoifikisha Mombasa ndani kabisa ya Uganda. Tangu hapo Gatuna ikawa mlango mkuu, na Rusumo ikawa mlango wa nyuma, wenye daraja la njia moja lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kisha ikaja Oktoba 1990. Wapiganaji wa RPF, waasi wa Kinyarwanda waliotokea Uganda, walivuka Kagitumba tarehe 1, na muda si mrefu ukanda wote wa kaskazini ukawa uwanja wa vita. Gatuna haikupitika, Mulindi yenyewe, kwenye barabara ileile, ikawa makao makuu ya RPF. Malori yalielekea Rusumo, kwenye daraja lile jembamba. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa saa 24 tu, wakikimbia kwa miguu na mizigo kichwani. Sijui daraja lingine katika ukanda wetu lililobebeshwa mzigo wa namna hiyo kwa siku moja. Daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani, lilifunguliwa rasmi na marais Magufuli wa Tanzania na Kagame wa Rwanda Aprili 2016. Miaka mitatu baadaye Gatuna ikafungwa tena, na safari hii Rusumo ilikuwa tayari.

Ukitazama ramani pekee, basi, utasema Rwanda ilijipanga vizuri, na ni kweli ilijipanga. Ila ramani hiyo ni ya magurudumu.

Mtu wa Katuna aliyeoa ng'ambo, au aliyekuwa akivusha viazi kwenda sokoni, hakuwa na Kagitumba wala Rusumo. Kwa anayeishi Kabale, kuzunguka kwa Mirama Hills kuligeuza zile kilomita 100 kuwa karibu 300. Na hata angepata nauli, raia wa Rwanda hakuruhusiwa kuvuka kwenda Uganda kwa kituo chochote. Nyumba za wageni za Katuna zilizoishi kwa kulaza madereva zikabaki tupu, na maduka yakafungwa.

Mpaka huu, isisahaulike, ni wa juzi. Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji waliupatanishia Brussels mwaka 1910, wakaigawa nchi ya Ndorwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Muhumuza, kiongozi wa dini ya jadi ya Nyabingi aliyewasumbua Wajerumani, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 akiendeleza vita upande wa pili wa mstari ambao yeye hakuutambua. Vijukuu wa watu wake bado wana mashamba, makaburi na wakwe pande zote mbili.

Hao walipita njia za panya, na zilikuwa za hatari. Mei 2019 watu wawili, Mganda na Mnyarwanda, walipigwa risasi mpakani, karibu na wilaya ya Rukiga ya Uganda, wakafa. Serikali hizo mbili hazikukubaliana hata ni ardhi ya nani waliyofia. Nadhani hesabu ya haki ya kufungwa kwa Gatuna ianzie kwao, kabla ya kupima tani za saruji zilizochelewa.

Marais wa nchi hizo mbili walitia saini makubaliano Luanda Agosti 2019, wakakutana mpakani hapohapo Februari 2020, na bado kizuizi kikabaki. Kilichokiondoa ni ziara ya Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni wa Uganda, mjini Kigali Januari 2022. Gatuna ilifunguliwa tarehe 31 ya mwezi huo. Malori ndiyo yaliyotangulia. Kwa sababu ya masharti ya korona, wasafiri wa kawaida waliambiwa wasubiri, na Rwanda haikuwafungulia mipaka yake ya nchi kavu hadi Machi.