Dispacha ni Msimamizi wa Safari

Katika kampuni nyingi kubwa za ndege kuna mtu ambaye abiria hamwoni. Husoma utabiri wa hewa, hukadiria mafuta, hulinganisha uzito wa mizigo na urefu wa barabara ya kurukia, huchagua uwanja mbadala, kisha hutia saini kibali cha kuondoka. Jina lake la kukopa ni dispacha. Anayetaka kulifasiri neno kwa neno atasema "mtumaji wa ndege", na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mtumaji humaliza kazi yake kitu kinapoondoka mkononi mwake. Dispacha anabaki na safari hiyo mpaka magurudumu yaguse ardhi. Wala hawezi kuitwa "mwongoza ndege", maana hilo ni jina la mtu wa mnarani ambaye nchini Kongo huajiriwa na RVA, shirika la viwanja na njia za anga, na kazi yake ni kuzuia ndege zisigongane. Napendekeza "msimamizi wa safari ya ndege". Sababu yangu ni ya usalama kuliko ya lugha: tukimwita mtumaji, tutaupima mzigo wake wa kazi kwa idadi ya ndege zilizoondoka, na kipimo hicho hudanganya.

Mji wa Kamina, hapa Kongo, unatusaidia kuliona jambo hili. Mji huu ni njia panda ya reli: njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapa, moja ikielekea Ilebo na nyingine Kabalo. Mkuu wa stesheni akiruhusu treni kuondoka na baadaye mambo yakaharibika mbele, treni inaweza kusimamishwa njiani ikangoja. Ndege haingoji, kila dakika inachoma mafuta. Kutoka Kamina hadi Lubumbashi ni kama kilomita 420 kwa mstari ulionyooka, Kananga ni karibu umbali huohuo, na Kolwezi ni zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo wakati wa masika, dhoruba ya alasiri ikiufunga uwanja wa Kamina, swali la "twende wapi?" linahitaji mtu ambaye tayari ameshalijibu, na ambaye bado yuko mezani kulijibu upya hali ikibadilika.

Ushahidi kwamba kazi hii haiishii kwenye kuondoka upo. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52, iliishiwa mafuta karibu na New York baada ya kuzungushwa angani kwa muda mrefu, na watu 73 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walilaumu kwanza jinsi marubani walivyosimamia mafuta yao, lakini wakataja pia kwamba hawakutumia huduma ya dispacha kuwasaidia njiani. Hapa Kongo, tarehe 4 Aprili 2011, ndege iliyokuwa ikisafiri kwa niaba ya Umoja wa Mataifa ilianguka ikitua N'Djili, Kinshasa, katikati ya dhoruba. Kati ya watu 33 alipona mmoja tu. Ajali hiyo ya pili siitaji ili kumtwika dispacha lawama. Naitaja kwa kuwa inaonyesha hatari ilipo: mara nyingi huwa mwishoni mwa safari, muda mrefu baada ya saini.

Tukikubali hayo, "mzigo wa kazi" nao unahitaji maana iliyo wazi: ni maamuzi yanayomdai mtu kwa wakati mmoja, yakilinganishwa na muda na taarifa alizonazo. Ndege kumi katika anga tulivu zinaweza kuwa nyepesi kuliko tatu zinazoelekea kwenye mawingu ya radi. Sheria ya Marekani inamfanya dispacha awajibike pamoja na rubani mkuu, na kwa kawaida inaweka kikomo cha saa 10 mfululizo kwa zamu iliyopangwa. Lakini haitaji idadi ya ndege kwa mtu mmoja. Inadai tu wawepo madispacha wa kutosha. Neno "kutosha" linaiachia kampuni nafasi ya kuhesabu inavyopenda.

Atakayepinga atasema rubani ndiye mwenye neno la mwisho. Ni kweli, ila neno la mwisho hutegemea taarifa, na aliye katikati ya wingu haoni hali ya uwanja ulio mbele. Mwingine atasema kompyuta sasa hufanya hesabu zote. Hufanya hesabu, naam. Kuamua kama utabiri wa asubuhi bado unaaminika ni kazi ya mtu, na mtu aliyezidiwa hukubali upesi kila anachoonyeshwa kwenye skrini. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba safari za Kamina ni chache mno kumlemea yeyote. Lakini kampuni ndogo ikimpa mtu mmoja kupima mizigo, kuhudumia abiria na kufuatilia hali ya hewa, safari moja yatosha kumlemea.

Basi kampuni iandike kwenye ratiba ya zamu ni safari ngapi bado ziko angani chini ya kila msimamizi, na ngapi kati ya hizo zinaelekea kwenye hali mbaya ya hewa. Idadi hiyo ikipita uwezo wake, ndege inayofuata isubiri chini.