Waliokwenda Kudai Watu Wao: Nkhata Bay, 3 Machi 1959

Mbamba Bay ya Tanzania na Nkhata Bay ya Malawi zinatazamana katika Ziwa Nyasa. Kati yake kuna kilomita zipatazo 60 za maji, pamoja na mpaka ambao watu wa mwambao hawakuupa uzito mkubwa mpaka serikali zilipoanza kuugombania. Meli za misheni ya Kianglikana ya UMCA zilizotoka kisiwa cha Likoma zilihudumia Liuli na vijiji vya Wanyasa upande wa mashariki kama zilivyohudumia vijiji vya magharibi, na hadi mwaka 1952, ilipoanzishwa Dayosisi ya Kusini-Magharibi mwa Tanganyika, Waanglikana wa mwambao huu walikuwa chini ya askofu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kwa hiyo mauaji ya watu waliokwenda kudai wafungwa kwenye gati la Nkhata Bay tarehe 3 Machi 1959 ni habari ya ziwa zima, nasi wa upande wa Ruvuma hatuna sababu ya kuyasoma kama mambo ya ugenini.

Chanzo chake ni cha mwaka 1953. Mwaka huo Uingereza iliiunganisha Nyasaland na Rhodesia mbili, ya Kusini na ya Kaskazini, katika Shirikisho lililoongozwa na walowezi wa Salisbury. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliepuka kikombe hicho. Waafrika wa Nyasaland walilikataa Shirikisho tangu mwanzo, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamefanya kazi katika migodi na mashamba ya kusini, na waliijua sheria ya walowezi kwa kuionja.

Hata hivyo, Shirikisho peke yake halielezi kwa nini mwanakijiji asiyewahi kuhudhuria mkutano wa siasa aliondoka nyumbani kwenda kumdai mfungwa. Sababu ya pili ilikuwa shambani. Serikali iliwalazimisha wakulima kulima matuta na makingamaji kwa vipimo vya mabwana shamba, na aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Wamatengo wa milima ya Mbinga wamehifadhi udongo wao kwa ngoro, yaani mashimo yao ya kilimo, kwa vizazi vingi bila kuamriwa na mtu, na msomaji anayezijua ngoro ataelewa jinsi mkulima anavyojisikia anapofundishwa jembe kwa kutishiwa jela. Matokeo yake ni kwamba jela iliingia katika ukoo baada ya ukoo. Mfungwa hakuwa mhalifu wa mbali, bali shemeji au jirani.

Dalili ya umati kudai watu wake ilionekana mapema. Mwaka huohuo wa 1953, polisi walikwenda Ntcheu kumkamata Inkosi (chifu) Philip Gomani, aliyewaambia watu wake wasizitii sheria za Shirikisho. Watu walimwokoa mikononi mwa polisi, akakimbilia Msumbiji, ingawa baadaye alirudishwa na kushtakiwa. Gomani alikuwa Mngoni wa ukoo wa Maseko, na Wamaseko waliwahi kutawala nchi ya Songea chini ya Mputa, kabla ya kufukuzwa na Wangoni wenzao katika karne ya 19. Historia ya Ruvuma na ya Nyasaland zimesukana kuliko ramani inavyoonyesha.

Julai 1958 Dk. Hastings Banda alirejea Nyasaland baada ya kukaa ughaibuni zaidi ya miaka 40, akaongoza chama cha Nyasaland African Congress. Septemba mwaka huo vyama vya Afrika Mashariki na Kati vilikutana Mwanza na kuunda PAFMECA, vikiahidiana kusaidiana, na Desemba Banda alihudhuria mkutano wa Waafrika huko Accra. Mikutano ya chama iliongezeka, na polisi wakazidi kuitawanya na kukamata watu. Kila kundi lililokamatwa lilizaa umati mpya wa kudai liachiwe, na kila umati ulizaa mabomu ya machozi na, hatimaye, risasi. Februari 1959 ghasia zilienea kaskazini, Karonga na Fort Hill, na serikali ikaita wanajeshi kutoka Rhodesia pamoja na polisi wa nchi jirani, Tanganyika ikiwemo. Hapo kuna jambo la kutafakari: sare zilizotumwa kuwazuia watu wa ng'ambo zilitoka pia upande wetu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi, Gavana Sir Robert Armitage alitangaza hali ya hatari. Banda aliamshwa kitandani na kupelekwa Rhodesia ya Kusini, ambako alifungwa Gwelo pamoja na viongozi wenzake wa chama, Henry Chipembere na ndugu wawili, Dunduzu na Yatuta Chisiza. Yatuta alikuwa mkaguzi wa polisi Tanganyika kabla ya kurudi kwao kuingia siasa. Wengine walisombwa mmoja mmoja kutoka vijijini. Wa kaskazini walikusanywa Nkhata Bay wasubiri kupelekwa kusini kwa meli iliyoitwa Mpasa.

Habari ilienea kabla ya mchana. Kiongozi wa tawi la chama aliwahimiza watu waende bandarini, nao wakaenda kwa wingi. Gati la Nkhata Bay ni mahali pafinyu, milima nyuma na maji mbele, na umati ukishaingia pale hakuna pa kuupitisha. Wanajeshi wa Rhodesia waliotarajiwa kufika alfajiri walichelewa. Walipofika, Mkuu wa Wilaya aliona mambo yamemshinda, akaamuru wapige risasi. Watu 20 waliuawa. Meli ilikuwapo, wafungwa walikuwapo, na waliokuja kuwadai walikuwa wamelala chini.

Maelezo ya tukio hili yanapingana. Maofisa walisema umati ulichochewa na ulikuwa karibu kuwazidi nguvu Wazungu wachache waliokuwa gatini. Wafuasi wa chama walisema watu walikuja kuwaombea ndugu zao, wakajibiwa kwa bunduki. Wako pia wanaoona kosa lilikuwa la mpangilio tu: kwamba askari wangefika kwa wakati, umati usingejaa. Kwa maoni yangu, hoja ya uchochezi inaeleza saa ambayo watu walikusanyika, lakini haielezi kwa nini waliitikia wito. Hoja ya kuchelewa nayo inaeleza hofu ya Mkuu wa Wilaya, si dai la umati. Dai lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka: watu walichukuliwa usiku bila kufikishwa mahakamani, na jamaa zao walitaka warudishwe.

Kufikia mwisho wa operesheni hiyo ya hali ya hatari, Waafrika 51 walikuwa wameuawa na zaidi ya 1,300 wamewekwa kizuizini. Hakuna Mzungu hata mmoja aliyeuawa. Rose Chibambo, kiongozi wa wanawake wa chama, alikuwa mjamzito hali ya hatari ilipotangazwa. Walimwacha ajifungue, kisha siku chache baadaye wakaja kumkamata, akaingia gereza la Zomba akiwa amebeba mtoto wake mchanga.

Mshikamano sasa ukahamia kwenye maneno. Kanyama Chiume, mzaliwa wa wilaya ya Nkhata Bay aliyelelewa na kusoma Tanganyika na kufundisha Dodoma, alikuwa nje ya nchi siku ya misako, akaokoka na kwenda London kuwasemea waliofungwa. Mei 1959 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, lenye misheni ya siku nyingi Nyasaland, ulisimama upande wa Waafrika. Serikali ya Uingereza ilikuwa imedai kwamba chama kilipanga kuua Wazungu, na sasa ilitakiwa ithibitishe.

Kabla ya hapo ilikwisha kuundwa tume ya Jaji Devlin kuchunguza ghasia hizo. Ilisikiliza zaidi ya mashahidi 400 mmoja mmoja, na mamia ya wengine waliokuja kwa makundi. Taarifa yake ya Julai 1959 ilikubali kwamba serikali ililazimika kuchukua hatua kurejesha utulivu, lakini ililitupa dai la njama ya mauaji, ikalaani uchomaji wa nyumba na vipigo, na kusema kwamba Nyasaland, bila shaka kwa muda tu, ilikuwa nchi ya utawala wa kipolisi. Kwa sadfa ya kutisha, tarehe ileile ya 3 Machi, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola nchini Kenya, na Bunge la Uingereza lilijadili Hola na Nyasaland kwa siku mbili mfululizo, 27 na 28 Julai. Serikali ilishinda kura, ila ilishindwa hoja. Oktoba Waziri wa Makoloni alikuwa mwingine, Iain Macleod, na tarehe 1 Aprili 1960 Banda aliachiwa. Shirikisho lilivunjwa mwisho wa mwaka 1963, na Malawi ikawa huru tarehe 6 Julai 1964.

Haifai kuishia hapo kana kwamba haki ilikwishapatikana. Tanganyika huru ilipitisha sheria yake ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962. Banda naye, miezi michache tu baada ya uhuru, aligombana na mawaziri wake. Chiume, aliyekuwa mmoja wao, akakimbilia Dar es Salaam, ambako aliishi miaka mingi na kuandika vitabu kwa Kiswahili. Yatuta Chisiza pia alipata hifadhi Tanzania, akarudi Malawi na silaha mwaka 1967, akauawa. Utawala uliozaliwa na umati wa kudai wafungwa ukajaza magereza upya.

Malawi huadhimisha 3 Machi kila mwaka kama siku ya mashujaa waliokufa. Upande huu wa ziwa, wazee waliokuwa na akili zao mwaka 1959 bado wapo wachache Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Walimu wa historia wa Wilaya ya Nyasa na Mbinga wawatume wanafunzi wakawaulize walisikia nini kutoka ng'ambo mwezi ule, na wayaandike majibu kabla wazee hao hawajatutoka.